Kamba wa Cà Mau: mikokoni au bwawa la plastiki?
Cà Mau ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Vietnam, na kamba ndio mali yake. Wapo wanaowafuga mikokoni: mifereji hupita katikati ya miti, kamba hujilia vya humo humo, gunia la chakula halifunguliwi. Mavuno ni wakati wa bamvua, usiku, wavu ukitegwa langoni maji yanapotoka. Ni haba, ila kaa nao huwamo.

Wengine wana bwawa lililotandikwa plastiki, na mashine za makasia zinavuruga maji yapate hewa. Kwa hekta linazaa mara nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini umeme, chakula, dawa! Ugonjwa ukiingia, kamba huisha kwa siku chache, deni likabaki. Bila mtaji mnene, mimi ningeshika mikoko.