Pikipiki ya mtoto ya magurudumu manne: tathmini inayoanzia kwenye cheni

Kwa miezi minane sasa binti yangu amekuwa akiendesha pikipiki ya watoto ya magurudumu manne, yaani ATV, yenye injini ya sentimita za ujazo 110 na gia otomatiki, na katika muda huo sehemu niliyoishika mara nyingi kuliko zote ni cheni. Injini haijanisumbua, breki zinashika vizuri, na plastiki za juu zimepata mikwaruzo tu. Naitathmini kwa kuangalia jinsi cheni yake inavyorekebishwa, kwa sababu hapo ndipo nilipoona ubora wake na hapo hapo ndipo nilipoona uzembe.

Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kinachobeba magurudumu yote mawili, na beringi zake zimo ndani ya kibebeo kilichofungwa kwa bolti nne kwenye mkono wa nyuma, ule unaopanda na kushuka pamoja na shokabsoba. Bolti hizo zikilegezwa kidogo bila kutolewa, kibebeo husogezwa nyuma kwa kuzungusha bolti moja ya kurekebishia, kisha nati yake hukazwa ili isirudi. Aliyezoea pikipiki ya magurudumu mawili anajua kwamba kule kuna virekebishi viwili, kushoto na kulia, na visipolingana gurudumu hukaa upande na cheni hulika haraka. Hapa ekseli nzima husogea kwa pamoja, na kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana diski, kwa kuwa imefungwa kwenye kibebeo hichohicho, husogea pamoja na diski yake. Ni usanifu mzuri, na naupongeza kwa dhati.

Lawama yangu ni kwa aliyeiunganisha kabla ya kunikabidhi. Cheni ilikuwa imekazwa mno, ikicheza juu na chini milimita 10 hivi, ilhali kitabu chake kinataka milimita 25 hadi 35. Kwa mzazi asiye fundi, cheni iliyonyooka huonekana kuwa cheni iliyofungwa vizuri, nami nilidhani hivyo mpaka nilipoona chombo ni kizito kukisukuma hata gia ikiwa huru. Sababu iko kwenye mkono wa nyuma: egemeo lake liko nyuma ya sproketi ya injini, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, kwa hiyo mkono ukipanda au kushuka, umbali kati ya sproketi hiyo na ekseli hubadilika, na huwa mkubwa kabisa pale sproketi, egemeo na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Mtoto akiketi na kupita kwenye tuta, cheni iliyoonekana kuwa sawa ikiwa imesimama hukazika kama waya, na mzigo wote huangukia beringi za injini na za ekseli. Iliyolegea kupita kiasi nayo ni hatari, kwani inaweza kuruka kwenye meno na kuyafunga magurudumu ya nyuma ghafla mtoto akiwa kwenye mwendo.

Kitabu kimetaja kipimo na kuishia hapo. Hakisemi kwamba cheni hailiki sawasawa mahali pote, na kwamba ni lazima magurudumu ya nyuma yainuliwe, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, kisha yazungushwe kwa mkono polepole hadi ipatikane sehemu iliyokaza zaidi, na hapo ndipo pa kupimia, katikati ya sproketi mbili. Wala hakikumbushi kupima tena baada ya bolti nne kukazwa, jambo ambalo kwangu limebadilisha kipimo kwa milimita kadhaa kila mara. Isitoshe, kava ya cheni imeisogelea mno nati ya kirekebishi, hata spana huzunguka sehemu ndogo tu kabla ya kugonga, na kazi ya dakika 10 huchukua nusu saa.

Cheni yenyewe ni ya namba 420, isiyo na mipira ya kuzuia grisi isitoke, hivyo inahitaji kusafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, kukaushwa, kisha kupakwa mafuta upande wa ndani kila baada ya kupita kwenye matope. Ikiwa mpya, umbali kutoka pini ya kwanza hadi ya 21 ni milimita 254. Yetu sasa inasoma 257, na ikifika 259 nitaibadilisha. Meno ya sproketi ya nyuma yameanza kulala upande mmoja, kwa hiyo nitabadilisha sproketi zote mbili siku hiyohiyo, na klipu ya loki ya cheni mpya, ile inayoshikilia kiungo cha kuunganishia, nitaifunga upande wake uliozibika ukitangulia kuelekea cheni inakokwenda.