Kuzunguka Grenada kwa gari dogo: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Ziara ya kuzunguka kisiwa cha Grenada, huko Karibi, na kikundi kidogo inastahili hela yake, mradi uende siku ya kazi. Kituo cha kungumanga cha Gouyave na kiwanda cha ramu cha River Antoine ndivyo vinavyoipa safari uzito, na vyote viwili huendeshwa Jumatatu hadi Ijumaa. Belmont Estate, shamba la kakao, hupumzika Jumamosi. Kampuni ikikuuzia mzunguko kamili siku ya Jumapili bila kukwambia haya, utalipia milango iliyofungwa na maporomoko ya maji.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita 34 kwa 19; kwa urefu hakifikii hata nusu ya Unguja. Lakini ramani isikudanganye. Barabara ni nyembamba, inapanda na kushuka, na dereva hupiga honi kabla ya kila kona kwa sababu haoni nani anakuja. Mzunguko unaosimama sehemu tano au sita huchukua saa saba hadi nane. Ukiona tangazo la saa nne, ujue kuna nusu ya kisiwa hutaiona.

Magari mengi ni Hiace, zile zile zilizoitwa vipanya Dar. Hapa "kikundi kidogo" kina maana nyingi: kampuni moja huishia watu wanane, nyingine hujaza viti vyote kumi na vinne na kutumia jina hilo hilo. Uliza idadi kabla ya kulipa. Uliza pia kama bei ni dola za Marekani au za Karibi Mashariki, maana zote huitwa dola tu, na moja ya Marekani ni 2.70 za huku. Kisha uliza kama viingilio na chakula vimo ndani ya bei. Mara nyingi chakula hakimo.

Mwelekeo mzuri ni kutoka St. George's, mji mkuu, kupanda pwani ya magharibi asubuhi, kugeukia kaskazini, kushuka mashariki hadi Grenville, kisha kurudi kwa kukata milima kupitia Grand Etang. Ukipanda kaskazini kwa pwani hiyo bahari iko upande wako wa kushoto, na magari hupita kushoto kama kwetu. Kaa dirisha la upande huo. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae mbele na anywe dawa kabla ya kuondoka. Kona za Grand Etang mwisho wa siku, tumbo likiwa limejaa, haziangalii mtu.

Gouyave ndiyo sehemu ningeipa muda mrefu kuliko zote. Kituo ni cha ushirika wa wakulima, kiingilio ni hela kidogo, na anayekutembeza ni mfanyakazi wa hapo hapo. Wakulima huleta kungumanga zikiwa zimeshavuliwa basibasi, ile nyuzinyuzi nyekundu inayoshika ganda. Hupimwa, kisha hutandazwa juu ya vichanja vya mbao kwa wiki sita hadi nane, zikigeuzwa kwa reki ili zisiote ukungu. Zikikauka, kokwa hucheza ndani ya ganda, ukiitikisa unaisikia. Mashine hupasua maganda, akina mama huchambua kwa mikono, halafu kokwa humwagwa majini. Zinazozama ndizo za daraja la kwanza. Zinazoelea ni nyepesi na huenda kwenye kukamuliwa mafuta. Mwisho ni magunia yaliyoshonwa kwa mkono na kupigwa chapa ya yanakokwenda. Basibasi huwekwa gizani miezi kadhaa hadi wekundu wake ugeuke rangi ya kaharabu.

Ukiona kituo kikubwa hivyo na vichanja vingine vitupu, sababu ipo. Kimbunga Ivan kilipita hapa tarehe 7 Septemba 2004 na kuangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa. Mti huu una mizizi ya juujuu, haustahimili upepo. Ukiupanda leo unasubiri miaka mitano hadi saba ndipo ujue ni jike au dume, na dume hauzai. Kabla ya Ivan, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, baada ya Indonesia. Kiongozi mzuri atakueleza haya bila kuulizwa. Asiyejua hukwambia tu kwamba kungumanga imo kwenye bendera ya taifa. Imo kweli, lakini hilo unaliona mwenyewe.

Sauteurs, kaskazini kabisa, ni kusimama dakika kumi kando ya kanisa juu ya jabali. Hapo mwaka 1651 Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, waliofukuzwa na Wafaransa walijirusha baharini kuliko kukamatwa. Hakuna haja ya maelezo marefu, na viongozi wengi wanalijua hilo.

River Antoine imekuwa ikifanya kazi tangu 1785 na bado miwa husagwa kwa gurudumu la maji. Juisi huchemshwa kwenye makarai yaliyopangwa mfululizo, ikihamishwa kwa upawa mkubwa kutoka moja hadi jingine, na moto wake ni wa makapi ya miwa yenyewe. Kisha huachwa ichachuke yenyewe siku nane hivi, bila kutiwa hamira, ndipo ikenekwe kwa moto wa kuni. Vaa viatu vilivyofunikwa: sakafu inateleza na hakuna vizuizi vya usalama kama vya viwanda vya kisasa. Kati ya Januari na Mei mto hupungua, na gurudumu linaweza kuwa limesimama siku unayofika, hivyo mwambie kiongozi apige simu kwanza. Ramu yao kali ina asilimia 75 ya kileo, na sheria za ndege hukataa chochote kinachozidi 70. Ndiyo maana wanauza pia ya asilimia 69. Asiyekunywa hakosi kitu. Mitambo ndiyo ya kutazama.

Belmont ni kakao. Maganda hupasuliwa, mbegu na utomvu wake huwekwa kwenye masanduku ya mbao na kufunikwa ili zichachuke karibu wiki nzima, kisha huanikwa juani kwenye trei kubwa, watu wakizipitia kwa miguu kuzigeuza. Mtu wa Kyela ataitambua kazi hii mara moja. Chakula cha mchana kwa kawaida huwa hapa au jirani. Wakikupikia oil down, ni shelisheli, majani ya magimbi, manjano na tui la nazi, yakichemshwa pamoja hadi tui likauke na kubaki mafuta chini ya sufuria. Kwa watu wa pwani ni chakula cha nyumbani, ila kuna jambo moja: nyama ya chumvi inayowekwa chini mara nyingi ni mkia wa nguruwe. Asiyekula aseme wakati wa kulipia ziara. Mezani sufuria inakuwa imeshaiva.

Grand Etang ni ziwa la kreta, mita 530 juu ya usawa wa bahari. Chukua koti la mvua hata kama pwani jua linawaka. Kima mona wa hapa asili yao ni Afrika Magharibi, waliletwa enzi za meli za watumwa. Viongozi huwaita kwa ndizi wapande mabegani mwa watu kwa ajili ya picha. Mimi nasema kataa: ni wanyama wa porini na wanauma. Annandale, maporomoko ya mita kumi hivi, ni ya kuruka kabisa siku ambayo meli kubwa ya kitalii imetia nanga, kwani unapanga foleni ya picha huku vijana wanaoruka kutoka juu wakingoja bahashishi.

Kwa abiria wa meli hizo, mzunguko kamili siupendekezi. Meli ikiondoka saa kumi na moja jioni, gari moja kuharibika Grand Etang linatosha kukuacha bandarini. Chukua nusu ya magharibi, Gouyave na kurudi.

Usivae nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata kaptula ya mtoto. Sheria ya nchi inakataza. Beba noti ndogo za huku kwa viingilio. Kungumanga nunua Gouyave na si gatini, nzima na ndani ya ganda lake, maana ya kusaga hupoteza harufu upesi. Chokoleti beba mkononi unapopanda ndege, na ramu ifunge kwenye nguo ndani ya sanduku kubwa.