Kozi ya UI/UX hapa Dar: msaidizi nampa tano, mwalimu mkuu simpi kitu

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Nimemaliza juzijuzi kozi ya jioni ya UI/UX (kubuni mwonekano wa programu na namna mtu anavyoitumia) kwenye kituo kimoja hapa Dar. Ada, ratiba na mada mtazikuta kwenye kipeperushi chao. Mimi nina neno moja: mwalimu mkuu hataki kusikia habari za mtumiaji, na anafundisha kazi ambayo yote ni mtumiaji.

Kazi ilikuwa skrini ya kununua umeme wa LUKU. Akaweka mfano wake kwenye projekta: maandishi ya kijivu, msimbo wa rangi #AAAAAA, juu ya nyeupe. Nikamuuliza kwa adabu kama amepima utofauti wa rangi kati ya maandishi na mandhari yake. Akanijibu mbele ya darasa zima: “Dada, umekuja kubuni au kufanya hesabu?” Wenzangu wakacheka, yeye akaendelea na slaidi.

Hesabu ndiyo hii. Kijivu kile juu ya nyeupe kinatoa utofauti wa 2.3 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Na mpaka wenyewe ni mwembamba kweli: #777777 inafeli kwa 4.48, #767676 inapita kwa 4.54. Mtu aliyesimama Kariakoo saa saba mchana, jua la utosi, mwanga wa simu kaupunguza ili chaji ifike jioni, kijivu kile hakioni kabisa. Projekta kwenye chumba chenye giza haiwezi kukuonyesha hilo.

Tokeni nayo aliiandika tarakimu 20 mfululizo. Mtu anaisoma kwenye simu na kuibonyeza kwenye mita kwa mkono. Akifika ya tisa au ya kumi macho yanapotea, anaanza upya. Igawe makundi matano ya tarakimu nne nne, tumia fonti ambayo tarakimu zake zina upana sawa, halafu weka kitufe cha kunakili kinachoziondoa zile nafasi, maana kuna sehemu za kubandika zinazozikataa.

Kilichoniuma zaidi ni kitufe cha “Lipa”. Kimo chake kilikuwa vipimo 32 vya skrini, wakati Android inashauri eneo la kugusa lisipungue 48 (wao huviita dp) na Apple 44 (wao huviita pointi). Tena ukikigusa hakibadiliki chochote. Mtandao ukisuasua, mtu anabonyeza mara ya pili, pesa inakatwa mara mbili. Kitufe kifungwe pale pale kinapoguswa, maandishi yageuke “Tunashughulikia malipo”, na ziandaliwe skrini tatu za majibu: imefanikiwa, imekataliwa, haijathibitishwa bado. Hiyo ya tatu ndiyo wanaoanza huisahau, na ndiyo inayomfanya mteja apige simu huduma kwa wateja. (Upande wa seva nao lazima kila muamala uwe na namba yake ya pekee, kitufe peke yake hakitoshi.) Kwenye slaidi zake mwenyewe kuna kanuni 10 za mwaka 1994 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, na ya kwanza kabisa inasema mfumo umwambie mtumiaji kinachoendelea. Aliisoma kwa sauti, akaipita.

Nisiwe mchoyo, wiki za Figma, programu ya kuchora skrini, zilikuwa nzuri sana. Zilifundishwa na msaidizi, kijana mpole, anayerudia bila kuchoka. Wengi wanachora kitufe chenye upana wa 96 kwa sababu “Send” inaenea, wakiweka “Thibitisha muamala” maneno yanamwagika nje. Yeye alitufundisha kuchagua maandishi, kubonyeza Shift na A, kisha kuacha upana ufuate maneno: nafasi 16 kila upande, 12 juu na 12 chini. Mstari wa maandishi ukiwa 24, kimo kinatoka 48 kamili. Kwa ajili yake nilishaamua kuwapa nyota tatu.

Hapana, nazirudisha. Wiki ya mwisho tuliomba kutoka nje ya geti, tuwape mama lishe na vijana wa bodaboda waijaribu kazi yetu. Mwalimu mkuu akakataa: “Wale hawajui UX.” Hao ndio wanaonunua umeme wa buku mbili kila siku! Ilihitaji watu 5 tu, idadi ambayo Nielsen ameitetea tangu mwaka 2000, dakika 15 kila mmoja, na simu ya kawaida yenye upana wa 360. Unampa kazi moja: “Nunua umeme wa shilingi 5,000, kisha nionyeshe tokeni.” Humwelekezi, huonyeshi kwa kidole, unaandika tu pale anaposita na pale anaporudi nyuma. Akikuuliza “nibonyeze hapa?”, mrudishie: “Wewe unaonaje?”

Kituo nakipa nyota moja, nayo ni kwa ajili ya msaidizi. Akifungua darasa lake, hata chini ya mwembe, nalipa ada siku hiyo hiyo. Kwa wanaotaka kwenda pale, kabla hamjatoa hela waombeni wawaonyeshe kazi ya mwanafunzi mmoja iliyojaribiwa na watu wa nje, pamoja na maandishi ya yaliyoonekana. Mimi niliomba baada ya kulipa, wakaniambia hawana.