Nyumba ya jamii au ya bei nafuu: mkaazi wa Malindi aombe ipi?

Sheria ya Kenya ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 hutazama kipato. Chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, fungu lako ni nyumba za jamii. 20,000 hadi 149,000, za bei nafuu. Usajili ni mmoja, kwenye Boma Yangu, tovuti ya mpango huu wa nyumba, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru. Jina likitofautiana kwenye hati hizo, hata Mohamed na Mohammed, rekebisha kwanza.

Kwetu kinachotatiza ni misimu. Mhudumu wa hoteli akipata 26,000 miezi sita ya wageni na 12,000 miezi sita ya ukavu, wastani wake ni 19,000. Huyo asijipime kwa Desemba; fungu lake ni la jamii. Mvuvi naye, ambaye kusi ikivuma hashuki pwani, akusanye taarifa za M-Pesa za mwaka mzima.

Bei nafuu ina amana, sehemu ya bei unayolipa mwanzoni. Na ile asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara ni tozo ya nyumba tu, haihesabiwi kuwa amana. Wengi hukwama hapa. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka, na wastani usiofika 20,000, ushauri wetu ni aombe ya jamii, ingawa chumba ni kidogo. Yoyote utakayopata, huruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.