Nilivyochagua kisu cha kukunja cha kuachia watoto

Chumvi ndiyo iliyonichagulia kisu hiki. Anayeishi Mji wa Kale wa Mombasa anaijua: bawaba za madirisha huliwa, kufuli hukwama, hata sindano ya cherehani ukiiacha bila mafuta utaikuta na madoa. Nami nilitaka kisu cha mfukoni, cha kukunja, cha kazi za kila siku, kisha kije kiwe cha mwanangu na baadaye cha mjukuu. Nikasoma, nikauliza, nikashika vya watu mkononi, mwisho nikanunua Sebenza 31 ndogo ya Chris Reeve. Bei yake ni zaidi ya dola 400, yaani shilingi 50,000 na ushei kabla hujalipa usafiri wala ushuru. Utakalosema nalijua. Mama watoto alilisema kabla yako.

"Baba Salma, pesa hizo ni bati za chumba kizima."

"Bati zitashika kutu," nikamjibu.

"Na wewe utashika njaa."

Kazi yangu ni leso na vitambaa, mtaa wa Biashara. Kutwa kuna marobota ya kufungua, mikanda ya plastiki ya kukata, maboksi yenye gundi, kamba za kufungia mzigo wa mteja wa Lamu. Mchana kuna embe. Jioni tukiteremka Mama Ngina kula mihogo, kuna ndimu ya kupasua. Kwa hiyo sikutafuta pambo la kabatini. Nilitaka kisu kifanye kazi hizi zote na bado kifae kurithiwa.

Kisu cha marehemu baba ndicho kilichonifunza cha kutazama. Kilikuwa kisu cha Sheffield, jina la mji limepigwa chini ya bapa, mpini wa mfupa. Chuma chake kile cha zamani chenye kaboni, kinachokubali makali upesi na kutu upesi vilevile. Ukipasulia ndimu, bapa linageuka jeusi papo hapo na kipande cha kwanza kina ladha ya chuma. Baba alikuwa akikipeleka kwa fundi wa kunoa wa baiskeli, yule anayekanyaga pedali jiwe likazunguka na cheche zikaruka. Kila kikirudi ni kikali na kimepungua. Miaka ya mwisho bapa lilikuwa limekonda kama mwezi wa siku mbili, na bado likikata. Kilichokimaliza ni kiungo. Kutu iliingia pale bapa linaposhikana na mpini, springi ikakatika ndani, na kwa kuwa ribiti ilikuwa imegongwa moja kwa moja, hakuna fundi aliyeweza kuingia bila kukivunja. Mpaka leo kimo kwenye sanduku la mama, hakifunguki wala hakifungiki.

Kwa hivyo nilipoanza kutafuta, nilikuwa na sharti moja la kwanza: kiungo kifunguliwe na mtu wa kawaida, mezani kwake, kisha kirudishwe kama kilivyokuwa. Sharti hili peke yake liliviondoa visu vingi vya bei mbaya. Kuna kampuni zinazoandika kwamba ukilegeza skrubu mwenyewe dhamana imekwisha, kirudishe kiwandani. Sawa, mimi nitarudisha. Mjukuu wangu naye? Ni nani anayejua kiwanda hicho kitakuwa mikononi mwa nani wakati huo, na umewahi kujaribu kutuma kisu ng'ambo kwa posta?

Asiye na pesa hizi, au anayeona ni wazimu, namwambia achukue Opinel namba 8 na alale usingizi. Wafaransa wa Savoie wanavitengeneza tangu 1890, ile pete ya kukazia bapa lisimfungie mtu vidoleni ikaongezwa 1955, na bei yake ni ya mlo wa watu wawili watatu hotelini. Kinakata vizuri kuliko visu vingi vinavyokizidi bei mara kumi, kwa sababu bapa lake ni jembamba. Tatizo ni kwamba mpini ni wa mti, na mti hunywa unyevu. Masika yetu yakianza, mpini unavimba unalibana bapa, mpaka ugonge kitako cha kisu mezani ndipo lichomoze. Hata wenyewe huko milimani hufanya hivyo, wala hawaoni haya. Lakini kiungo chake nacho ni cha ribiti, nami ribiti nimeshaapiza.

Na kama riziki yako iko baharini, acha kusoma hapa, katafute visu vya kampuni ya Spyderco vya aina ya Salt, vile vya chuma cha H1 au LC200N. Chuma hicho kimepewa nitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, ndiyo sababu maji ya chumvi hayakipati. Nahodha mmoja wa boti za watalii Mtwapa anacho, kinashinda majini, na bapa ni jeupe kama siku ya kwanza. Nilikishika nikakitamani. Kilichonirudisha ni kwamba chuma cha namna hiyo hakikai na makali muda mrefu kama vile vyenye kaboni zaidi, nami nakata maboksi kutwa, na karatasi ngumu hula makali ya kisu kuliko nyama inavyoyala. La pili ni mpini wa plastiki. Hapo sina hoja, ni moyo tu. Sikujiona nikimkabidhi mtoto plastiki na kumwambia hii ndiyo kumbukumbu yangu.

Basi nikafika kwa Chris Reeve. Ni mtengeneza visu wa Durban, Afrika Kusini, aliyehamia Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989, na Sebenza ya kwanza ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Loki yake, yaani kile kinachozuia bapa lisijifunge, ndiyo iliyompa jina. Mpini ni vibao viwili vya titani. Kibao kimoja kimechanwa kwa urefu, na ule ulimi uliopatikana ukapindwa kidogo kuelekea ndani. Bapa likifunguka lote, ulimi unaruka nyuma ya kisigino chake na kukizuia. Ukitaka kufunga, unausukuma kando kwa kidole gumba. Hakuna springi ya pembeni ya kukatika. Mpini wenyewe ndio loki. Siku hizi karibu kila kampuni inaiga.

Lakini kilichonifanya nitoe pesa ni kiungo. Ndani mna kibomba kidogo cha chuma kilichokatwa kwa kipimo, na bapa linazunguka juu yake. Unaikaza skrubu mpaka mwisho wake, basi. Huna haja ya kubahatisha, robo mzunguko mbele, robo nyuma, kama visu vingine. Mtoto wa darasa la saba anaweza kukifungua na kukirudisha, na kampuni yenyewe haikukatazi. Kinachotakiwa ni ufunguo mdogo wa pembe sita na grisi.

Sasa namna ninavyokiosha, maana mtu wa pwani hili ndilo litakalomfaa. Nikitoka kuvua, kiungo kina mchanga na chumvi, unausikia ukisaga. Natandaza kipande cha merikani mezani, cheupe, ili skrubu isipotee. Natoa skrubu, naondoa kibao cha juu, na hapo kuna washa mbili, yaani pete bapa, za rangi ya shaba zenye vitundu, na kwenye kila kitundu grisi imegeuka nyeusi kwa vumbi la nguo. Naosha kwa maji ya bomba na sabuni ya vyombo. Maji ya kisima cha nyumbani siyatumii kabisa. Visima vyetu vingi huku kisiwani vina chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Nakausha, natia grisi ya ukubwa wa punje ya mtama kila upande, narudisha. Kahawa yangu huwa haijapoa.

Bapa ni chuma kiitwacho MagnaCut. Aliyekiunda ni mtaalamu wa vyuma wa Marekani, Larrin Thomas, na kilitoka 2021. Mtu akiona kwamba kina kromiamu ya kama asilimia 10.7 tu, chini ya vyuma vingi visivyoshika kutu, atadhani kitaoza kabla ya mwezi. Siri yake ni kwamba kwenye vyuma vingine kromiamu nyingi hujifunga na kaboni ikawa chembe ngumu, na ile iliyojifunga haisaidii tena kuzuia kutu. Kwenye MagnaCut mchanganyiko umepangwa ili chembe ngumu ziwe za vanadiamu na niobiamu, kromiamu ibaki huru ilinde bapa. Kwa lugha ya dukani, makali yanakaa, na ndimu haigeuzi kitu. Nimekisahau na maji ya embe usiku kucha. Asubuhi nilikuta utamu umegandia, kutu hakuna. Hata hivyo si kisu cha kuacha ndani ya ndoo ya chambo. Kwa kazi hiyo nimeshakutajia kile cha nahodha.

Kukinoa ndiko kunakotaka moyo. Chuma hiki ni kigumu, na zile chembe za vanadiamu hulicheka jiwe la kawaida la jikoni. Nilinunua kibao cha kunolea cha almasi, nanoa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, kisha namalizia kwenye ukanda wa ngozi. Nikiwahi kabla hakijawa butu kabisa, kazi inakwisha upesi. Fundi wa baiskeli nampenda, namsalimia kila akipita, na kisu hiki hatakishika. Jiwe lile linazunguka kavu, ukingo wa makali unapata moto, na chuma kilichopata moto kupita kiasi hupoteza ugumu wake pale penye makali. Kisu cha namna hiyo hurudi kwa fundi upesi, kila mara kikapungua. Ndivyo kisu cha baba kilivyokonda.

Yasiyonipendeza yapo. Titani tupu ikilowa mafuta ya samaki inateleza, kwa hiyo sikitumii kutoa matumbo ya changu. Anayependa kisu kinachofyatuka kwa kidole kimoja na kutoa mlio wa kuringia vijana hatakipenda, hiki hufunguka polepole na kwa uzito. Mwenye mkono wa kushoto lazima aagize kile cha kushoto, kwani loki na klipu vimepangwa kwa wa kulia. Mpini unachorwa na sarafu na funguo tangu siku ya kwanza, ingawa hilo mimi naliona ni pambo. Na cha bandia kimejaa mitandaoni. Ukiuziwa Sebenza kwa shilingi 6,000, umeuziwa jina. Changu alikibeba mtoto wa ami yangu anayeishi Marekani, amekinunua kwa wakala anayetambuliwa, kikasafiri kwenye begi la kupakiwa. Ukiagiza mwenyewe, weka kando pesa za ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, usije ukakutana nazo mlangoni.

Kwa nini ndogo? Ile kubwa ina bapa la sentimita 9 na kidogo, hii ni 7.5 hivi, na uzito wa kama gramu 85. Mji huu umeumizwa na vijana wa magenge na visu vyao, na mtu mzima akitoa kisu kirefu mbele ya watu, hata kama ni kwa embe, mazungumzo hukatika. Hiki nikikitoa dukani wateja huendelea kuchagua leso zao. Hata hivyo nikijua nitavuka feri au nitapanda treni ya Miritini, kinabaki nyumbani. Askari wa kwenye mashine hajali ni chuma gani, na sitaki kuanza kumsimulia habari za Idaho nyuma yangu kuna foleni.

Lililobaki ni la kukirithisha, na hili halikuwa jepesi kama nilivyodhani. Nilipanga kuandika karatasi tu kwamba nikifa kisu ni cha Salma, kwa kuwa ndiye mwenye mkono wa kazi, ndiye anayefungua mashine za nyumbani na kuzirudisha. Sheikh wa msikiti wetu akanikumbusha jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia: hakuna wasia kwa mrithi, ila warithi wengine waridhie. Nikikiacha, kitaingia kwenye mirathi pamoja na kabati na cherehani, kigawanywe kwa mafungu, na kisu utakigawa vipi? Njia ni hiba, nimpe ningali hai, akikabidhiwe mkononi kabisa, maana hiba bila kukabidhi haijatimia. Na watoto tumehimizwa kuwapa sawasawa. Kwa hiyo anayefanya hesabu ya kisu cha kuachia watoto akiwa na watoto wawili, aizidishe mara mbili. Mdogo wake alichagua simu.

Hivyo kisu si changu tena. Salma anakiweka kwenye droo ya kaunta, nami naazima nikitaka kufungua robota. Akikuta gundi kwenye bapa, ananiita mbele ya wateja: "Baba, mafuta ya taa yako pale."