Unga wa bakteria wa kupaka mbegu za pamba: nyota 3 na nusu, ukipanda pamba tupu toa moja

Wakuu nimeutumia huu unga misimu miwili so nadhani naruhusiwa kuongea. Ni ule wa bakteria aitwaye pseudomonasi uliochanganywa na talki, mwepesi kama poda ya mtoto. Shida yangu ilikuwa mizizi kuoza kwa fangasi wa udongoni, yaani leo pamba imesimama vizuri kesho imelala, ukiivuta inang'oka kirahisi kama ilichomekwa tu, ganda la mzizi limechanikachanika, na inakufa kwa viraka vya duara shambani. Kama yako ukipasua shina unakuta kahawia ndani lakini mzizi wenyewe haujaoza, huo kuna uwezekano mkubwa ni mnyauko wa fuzari, fangasi mwingine huyo, usije ukaulaumu unga kwa kesi isiyo yake.

Msimu wa kwanza nilifeli, na nusu ya kosa ni langu. Nilisubiri mpaka mimea inyauke ndio nikakoroga nikamwagia, pakiti nzima ikaenda na maji. Hawa bakteria hawaponyi jamani, wao wanatakiwa wawahi kukaa kwenye mzizi ukiwa bado mchanga, wakombe madini ya chuma yote pale ili fangasi akija akose, na wengine wanatoa na sumu ya kumzuia. Akishaingia ndani ya mzizi umechelewa. Nusu nyingine ya kosa ni ya muuzaji, simtaji, pakiti ilikuwa dirishani inapigwa jua na tarehe imebaki kidogo kuisha, na pseudomonasi hatengenezi mbegu ngumu za kujilinda kama basilasi (bakteria mwingine anayeuzwa kwa kazi hii) kwa hiyo joto linammaliza haraka. Kama huna sehemu ya baridi ya kuhifadhi chukua tu ya basilasi, inavumilia zaidi.

Msimu wa pili nikafanya sawasawa: gramu 10 kwa kilo ya mbegu, uji mwepesi wa wanga ili ishike, nikaanika kivulini, nikapanda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Mwingine nikauchanganya na samadi iliyoiva, ile hesabu ya kilo 2 na nusu kwa hekta, nikaumwaga kwenye mistari. Na dawa za fangasi zenye kopa (shaba) usiziweke pamoja nao, unawaua mwenyewe halafu unasema feki.

Ila kilichonishangaza ni huu upande wa pili. Nusu ya shamba niliweka unga tu, nusu nyingine unga pamoja na moth katikati ya mistari, ni jamii ya choroko ile inayotambaa chini, India huko kuichanganya na pamba kwa ajili ya ugonjwa huu ni ushauri wa zamani sana. Upande wa unga tu viraka vilipungua lakini vilikuwepo, upande wa moth nilikuwa navitafuta. Ukiingiza mkono chini ya majani yake pale saa saba mchana udongo ni wa baridi kabisa, na huyu fangasi raha yake ni udongo wa nyuzi 35 na kuendelea, sasa ukimnyima joto na mzizi una walinzi tayari anabaki kuhangaika.

Usichanganye na chochote tu lakini. Kama fangasi wako ni yule makrofomina anayeacha vidoti vyeusi kama pilipili manga ya kusaga kwenye mzizi uliokufa, anashambulia aina zaidi ya 500 za mimea, ufuta, soya, kunde zote zimo, kwa hiyo nyingine zinaweza kumlisha badala ya kumkausha, na hata moth yenyewe ukiona inakauka ng'oa. Mimi niliiondoa mapema pia kabla haijaanza kugombania maji na pamba, hapo nilichelewa kidogo na mistari miwili ikadumaa.

Nyota niliyokata ni ya maelezo, maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo na hakuna hata neno moja kuhusu kuchanganya mazao. Nusu nyingine ni ya pakiti, ukishaifungua haifungiki tena, nimeishia kuibana na kibanio cha nguo.