Tahadhari: stendi za injini za "tani moja" zinazouzwa mtandaoni

Wakuu, habari za majukumu. Mafundi wenzangu, hasa mnaoshusha mashine za dizeli, kuna mtu hapa Dar anauza stendi za injini (zile nguzo za chuma zenye magurudumu za kushikia mashine iliyoshushwa kwenye gari) kupitia WhatsApp na Instagram akisema zinabeba tani moja. Hazibebi. Ya kwangu imemfunga kijana wangu hogo la mguu, kwa hiyo someni kwanza kabla hamjatuma hela.

Iko hivi. Nilipokea Land Cruiser ya mteja, yenye mashine ya dizeli ya 1HZ, oili na maji vinachanganyika. Gereji yetu ni kama nyingi za huku Tabata: mashine ikishuka inakalishwa juu ya tairi kuukuu, na wewe unafanya kazi umeinama mpaka kiuno kinagoma. Nikasema safari hii nanunua stendi. Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani hapa Dar nilishaulizia, wakaniambia 650,000. Huyu jamaa akasema 420,000 na usafiri juu yake. Nilipomuuliza kama itahimili 1HZ akajibu kwa sauti, kacheka kabisa: "Bosi, hiyo hata ya Fuso inakaa."

Mzigo ulifika saa mbili usiku. Kwa bodaboda. Yaani stendi ya tani moja, dereva kaifunga nyuma kwenye boksi kama friji ndogo, na mimi nikaipokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu namtumia hela. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini bei ilikuwa imeshanilewesha.

Kesho yake tukafunga sahani ya stendi, ile inayoshika mashine, kwenye matundu ya boliti za gia boksi, mikono yake yote minne, tukalegeza taratibu cheni bloku, yaani mnyororo ulioning'iniza mashine. Ikakaa. Tukashangilia. Tulipoizungusha tu ili sampu, lile bakuli la oili la chini ya mashine, iangalie juu, nguzo ikaanza kuinamisha kichwa kama mtu anayesinzia, kisha welding ya chini ikaachia. Mungu saidia lile tairi lilikuwa bado pale, likapokea sehemu kubwa ya uzito. Sehemu iliyobaki ilipokelewa na mguu wa kijana.

Jioni nilikuwa nafuta oili kwenye ile nguzo kwa tambara la dizeli, stika iliyoandikwa 1000 KG ikaanza kujikunja pembeni. Nikaivuta. Chini yake, maandishi ya kiwandani kabisa: 1000 LBS. Paundi, wakuu. Paundi elfu moja ni kama kilo 454, hata nusu ya tani haifiki. Mtu kakaa chini na stika zake akaziba herufi tatu.

Kuna anayeweza kusema 1HZ haifiki kilo 454, sasa imevunjikaje? Kwanza, paipu yenyewe. Nilipoikata nikakuta bati jembamba, halafu welding imepakwa rangi nene kuficha matundu. Pili, na hili wengi hatulifikirii, stendi inashika mashine kwa nyuma peke yake, nyingine yote inaning'inia hewani. Silinda sita kwa mstari, bloku la chuma, ni ndefu. Uzito unakaa mbali na sahani na unaipinda nguzo kama anayening'inia kwenye ncha ya tawi badala ya shinani. Mashine ya Vitz au IST, 1NZ, ni fupi na bloku lake ni aluminiamu, watu wawili mnainyanyua. Hiyo hata stendi ya paundi elfu, ikiwa ya kweli, inaimudu bila shida. Dizeli ndefu hapana.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda mwenyewe, mchana. Ng'oa stika kwa kucha. Tazama mdomo wa paipu uone unene, gonga usikie. Inyanyue: ukiimudu kwa mkono mmoja, iache. Hesabu magurudumu. Za magurudumu matatu zinapinduka kirahisi mno, chukua yenye manne, na hata hiyo usiikokote na mashine juu yake kuvuka uwanja wenye mashimo. Na usikubali boliti wanazokupa kwenye kifuko. Zangu hazikuwa na namba yoyote ya uimara kichwani. Tafuta zilizoandikwa 8.8 au 10.9, zenye uzi unaolingana na bloku.

Huyohuyo anauza na "vitanda" vya kuhifadhia na kusafirishia injini. Rafiki yangu alichukua kimoja. Ni fremu ya engo (chuma cha pembe) ambayo mashine inakalia sampu. Sampu ni bati tu! Ikibonyea inaenda kuziba chujio la pampu ya oili, unawasha gari presha hakuna. Kitanda cha kweli kinashika mashine kwenye mauntini zake za pembeni (vile vishikio vinavyoifunga kwenye chesisi) na nyuma kwenye matundu ya gia boksi, sampu inabaki hewani. Mimi nimechomelewa changu mtaani kwa chaneli, nikapeleka mauntini za gari lenyewe zipimiwe. Kimepanda kirikuu, ile pickup ndogo, na kurudi, hakijatikisika.

Hela sijarudishiwa. Nilipompigia alisema nimeizungusha vibaya, kisha akaniblock. Risiti sina, nilimtumia kwenye namba ya simu tu, kwa hiyo hata kupeleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) naanzia pabaya. Jina lake halina maana kulitaja kwa sababu akaunti anabadilisha kama fulana. Mkague kwa picha: stendi nyekundu, imesimamishwa mbele ya ukuta wa vigae vya kijani, pembeni kuna ndoo nyeupe ya rangi. Jana mteja kanitumia tangazo jipya, namba nyingine, ukuta uleule na ndoo ileile. Safari hii stika imeandikwa tani mbili.